Mshale Mwekundu Hauna Kazi

Nyarubungo, Biharamulo
6 Januari 2025

Shemeji Pius,

Salamu. Kondakta wa basi la Ngara atakukabidhi kifurushi. Usikifungulie barazani, wabadilisha fedha wa Kabanga wana macho marefu. Ndani kuna saa. Mfanyabiashara mwenzangu wa dhahabu amenichukulia Dubai. Ni saa ya marubani, mashine tupu, haina betri. Bei sikuandikii. Nikikuandikia, utaogopa kuifungua.

Huku wananisema. Wengine wanasema ni bandia. Mhoja, yule wa mashine ya kukoboa, alisema mbele za watu kwamba saa kubwa namna hii ni ya ukutani iliyokosa ukuta. Nilicheka nao. Lakini sikusahau.

Nataka hukumu yako kwa maandishi. Simu haina mhuri. Najua madereva wa malori wanakuletea saa zao uzikague kabla hawajauziana, nawe unapiga mhuri wako na watu wanaamini. Nipigie na mimi. Sema uzuri wake, na kama ina ubaya sema, mimi si mtoto. Itasomwa siku ya mnada, baada ya nyama, Mhoja akiwepo.

Dada yako hajambo. Simu yake imeharibika, usihangaike kupiga.

Bulugu Shibuda


Kabanga, Ngara
15 Januari 2025

Shemeji Bulugu,

Nimekaa na saa yako. Nimeivaa, nimeilaza, nimeifungua mgongo, nimeizamisha kwenye beseni. Hukumu ni hii, na mhuri uko chini.

Ni halisi. Mhoja atafute maneno mengine.

Uso. Mweusi usiong'aa, tarakimu nyeupe nene. Juu kabisa, penye kumi na mbili, pana pembetatu yenye nukta mbili. Si urembo. Rubani anayetikiswa na upepo lazima ajue juu ni wapi kabla hajajua ni saa ngapi. Aliyechora uso huu alijua kunyamaza. Saa nyingi za bei kubwa huropoka. Mishale inaonekana gizani kama mchana. Anayevaa saa hii hana udhuru wa kusema hakujua saa.

Mwili. Mpana, mzito, hauombi radhi. Kifundo cha pembeni cha kuseti ni kinene kama kitunguu, ili kishikike kwa glavu. Mkanda ni ngozi nene yenye pini mbili za shaba, mrefu, kwa sababu marubani wa zamani waliufunga juu ya mkono wa koti. Ukishafungwa hautoki hata mkono ukivutwa. Maji hayaingii.

Mashine. Inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Mgongoni kuna kioo. Utaona kipande cha chuma kikizunguka kila ukijongea. Ikikaa bila kutikiswa, siku ya pili au ya tatu inasimama. Saa hii haimpendi mvivu: mkono ukilala, nayo hulala.

Sifa kuu. Mshale wa saa unaweza kurushwa saa nzima, mbele au nyuma, huku mshale wa dakika na wa sekunde ikiendelea kama hakuna kilichotokea. Rubani akivuka mpaka, habadilishi kingine. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyohitaji, kwa raha tu. Ni kazi safi kiasi kwamba aliyerushiwa saa hawezi kujua. Usijaribu peke yako; kifundo kina hatua zake.

Kasoro. Kuna mshale wa nne, mwekundu, mwembamba. Unazunguka mara moja tu kwa siku nzima, ukifuata tarakimu ndogo za pembeni zinazofika ishirini na nne. Kwa rubani, unakumbusha saa ya nyumbani alikotoka. Kwa mtu asiyetoka, mshale mwekundu hauna kazi. Unachafua uso uliokuwa umekamilika.

Kasoro ya mwisho si ya kiwanda. Saa hii ilibuniwa kwa mtu ambaye akikosea dakika, watu wanaanguka kutoka angani. Wewe ukichelewa, wanaokungoja ni ng'ombe. Kwa ubunifu naipa tisa kwa kumi. Kwa mkono iliokabidhiwa, nne.

Pius Nshoma
Fundi na mkaguzi wa saa
(mhuri)


Nyarubungo
16 Februari 2025

Kaka Pius, shikamoo.

Barua hii anaibeba Leonsia, yule mama wa kwetu Bugarama anayenunua ndagala, wale dagaa wakavu, Kabanga na kuja kuwauza huku. Jibu mpe yeye.

Hukumu yako ilisomwa mnadani. Nimehadithiwa. Walisikiliza kimya kama kanisani mpaka ilipofika kwenye ng'ombe. Hapo Mhoja alicheka hadi akashika meza. "Bulugu we, ng'ombe wanakungoja, nenda baba!" Siku hizi hata watoto wakimwona anapita na pikipiki wanalia kama ndama.

Alirudi nyumbani hana hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema, "Kaka yako anasema saa haifai mkono wangu. Basi nimeitafutia mkono." Akanifunga. Mkono wangu mwembamba, mkanda ukawa unazunguka, akachoma msumari kwenye makaa akatoboa tundu jipya. Sijaivua tangu siku ile. Nafua nayo, nalima nayo. Maji hayaingii, ulisema kweli.

Barua yako ameibandika jikoni, juu ya mafiga, na amepigia mistari. Chakula cha mchana ni saa saba. Kikichelewa kidogo ananisimamisha mbele ya ukuta nisome: "Anayevaa saa hii hana udhuru." Nikisoma kwa sauti ndogo narudia.

Mwisho wa Januari nilishikwa na malaria. Nililala, saa ikasimama. Alipoiona hakuuliza kama nimepata dawa. Alisema, "Mkono ukilala, nayo hulala. Kaka yako ni msomi." Alichofanya sikuandikii. Jino la juu, kushoto, halipo.

Simu haikuharibika. Iko mfukoni mwake.

Nina maswali mawili. Ule mshale mwekundu unanichanganya, namba zake nyingi, niufanyeje? Na la pili, naweza kuja Kabanga?

Mdogo wako,
Rozina


Kabanga
23 Februari 2025

Mdogo wangu Rozina, marahaba.

Pole kwa jino. Nasikitika pia kwa lile tundu la msumari. Ngozi ile ikishachomwa hairudi.

Niliandika juu ya saa, sikuandika juu yako. Mtu akichoma mwenzake kwa kisu, mahakama haimwiti mhunzi.

Mshale mwekundu upuuze. Unajua kusoma saa kwa Kiswahili chetu: mshale mfupi ukiwa kwenye moja ni saa saba, ukiwa kwenye saba ni saa moja. Hayo yanakutosha. Mwekundu hauna kazi. Ufanye kama haupo.

Ukiumwa tena, tikisa mkono kidogo asubuhi na jioni hata kama uko kitandani. Haitasimama.

Kuhusu kuja: ndoa si saa, hairudishwi kwa fundi kila ikikwama. Ng'ombe wa mahari wa Bulugu ndio waliomjengea mama nyumba ya bati pale Bugarama. Ukija leo, kesho atakuja kuwadai, na mama atalala wapi? Vumilia. Jitahidi usichelewe.

Kaka yako,
Pius


Nyarubungo
4 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Natikisa mkono kama ulivyoagiza. Haijasimama tena.

Bulugu anaoa. Anaitwa Adventina, harusi ni baada ya Pasaka. Sina neno naye, bado binti. Alikuja kunisalimia akaishika saa, akasema, "Dada, inapendeza. Na mimi nitavaa?" Bulugu alikuwa mlangoni. Akamjibu, "Mtavaa kwa zamu."

Mama nimemtumia maneno kwa Leonsia. Amejibu hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Hiyo nyumba ya bati inavuja hata hivyo. Mwanangu aje."

Sasa usiniambie habari za bati. Niambie siku.

Rozina


Kabanga
13 Machi 2025

Rozina,

Sawa. Kama mama amesema, mimi sina la kuongeza.

Alhamisi, tarehe 3 Aprili. Ni siku ya mnada, Bulugu huondoka asubuhi na harudi kabla ya jioni. Basi la Ngara linapita njia panda yenu saa saba kamili mchana. Dereva namfahamu, saa yake imepita mikononi mwangu. Hachelewi na hangoji mtu. Kutoka nyumbani kwenu hadi njia panda ni nusu saa kwa miguu. Ondoka saa sita, utawahi na nafasi ya kupumua.

Usimuulize mtu yeyote saa, wala njiani wala kituoni. Mwanamke mwenye mzigo anayeuliza saa hukumbukwa. Huna haja ya kuuliza. Ulicho nacho mkononi hakijakosea tangu nilipokikagua. Mkoani kote hakuna anayejua saa vizuri kuliko wewe.

Nitakuwa stendi ya Kabanga. Mkanda nitaukata kwa mkono wangu mwenyewe.

Pius


Nyarubungo
17 Machi 2025

Shemeji Pius,

Salamu nyingi. Hukumu yako bado naisoma. Kila nikiisoma napata kitu.

Uliandika kwamba mshale wa saa unaweza kurudishwa saa moja nyuma, sekunde zikiendelea, mtu asijue. Nataka kurudisha saa moja. Ulisema kifundo kina hatua zake. Nielekeze nisije nikaharibu kazi ya watu. Jibu mapema, nina shughuli mwanzoni mwa Aprili.

Dada yako anachapa kazi. Saa haijalala.

Bulugu


Kabanga
22 Machi 2025

Shemeji Bulugu,

Hukusema unakwenda wapi na sina haja ya kuambiwa. Hapa Kabanga kila anayeniomba nimrudishie saa moja anavuka kwenda Burundi. Sisi tukiwa saa saba, wao pale Kobero wako saa sita. Wabadilisha fedha wetu huvaa saa mbili, kila mkono moja, na bado hukosana na wateja. Wewe una saa moja yenye saa mbili ndani yake. Nimefurahi kwamba hatimaye inafanya kazi iliyozaliwa nayo.

Fanya hivi. Fungua kifundo kwa kukizungusha kuelekea kwako mpaka kilegee. Vuta hatua ya kwanza tu. Ukivuta ya pili utasimamisha mashine, na atakayeitazama atajua imeguswa. Zungusha taratibu kuelekea nyuma. Utasikia mruko mmoja kwenye vidole. Hiyo ni saa moja. Rudisha kifundo, kaza. Mtu akilala kando yako hataamka.

Mshale mwekundu utabaki ulipo, kwenye saa ya nyumbani. Usihangaike nao.

Mwanzo wa Aprili ni wakati mzuri wa kuvuka. Kaa huko hata siku mbili tatu, biashara ya Burundi haitaki haraka.

Pius


Kabanga
5 Aprili 2025

Rozina,

Nilisimama stendi mpaka gari la mwisho. Mama alikuwa amepika isombe, kile kisamvu unachokipenda, na amemwalika jirani. Isombe ililiwa na jirani.

Nimemuuliza dereva. Anasema amepita njia panda yenu saa saba kamili na hapakuwa na abiria, hata kuku. Namwamini. Nilikupa siku, nilikupa saa, na saa yenyewe umefungwa mkononi. Mtoto wa darasa la pili angewahi.

Sasa naelewa kwa nini chakula kinachelewa.

Pius


Nyarubungo
9 Aprili 2025

Shemeji mpendwa,

Sikuvuka Burundi. Isome tena barua yangu: Burundi sikuitaja. Uliivuka wewe kichwani, umekaa humohumo Kabanga.

Leonsia anauza ndagala kwenye uwanja wangu. Barua zako zinaanza kwangu, nazisoma, nazifunga, zinakwenda kwa mwenyewe. Zake vilevile. Mna mwandiko mzuri, ni wa familia.

Alhamisi ile kabla hajaamka nilifanya kama ulivyoelekeza. Hatua ya kwanza tu. Mruko mmoja. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka na hakugeuka. Uliandika kwamba aliyerushiwa saa hawezi kujua, na ni kweli kabisa.

Niliaga nakwenda mnadani, nikaenda kwa Mhoja kwenye mashine. Ukikaa pale unaiona njia panda yote. Basi lilikuja, likapita. Baada ya nusu saa akatokea dada yako na kifurushi kichwani, amevaa kitenge cha harusi yetu. Akaweka mzigo chini, akatazama saa, akatabasamu. Alidhani amewahi.

Mhoja akasema, "Bulugu, mwite mkeo. Hii sasa siyo."

Nikamwambia, "Wewe si unapenda kucheka? Cheka."

Hakucheka. Nilimwacha dada yako angoje. Saa yake ilipofika saa saba nilivuka barabara nikakaa kando yake kwenye jiwe. Nikamuuliza, "Mke wangu, saa ngapi?" Akatazama. Akasema, "Saa saba kamili." Nikamwambia, "Basi twende. Ni saa ya chakula."

Nakupa na wewe alama. Saa, kumi kwa kumi. Fundi, tisa, moja nimeikata kwa ajili ya Burundi.

Swali moja la ufundi. Uliandika kwamba mshale mwekundu hubaki kwenye saa ya nyumbani. Tangu siku ile naucheza mshale wa saa nitakavyo, leo mbele, kesho nyuma, ili azoee. Je, akiutazama huo mwekundu anaweza kujua saa ya kweli? Kama anaweza, niambie niusogeze na wenyewe, au niung'oe. Nataka jibu lenye mhuri.

Bulugu


Nyarubungo
28 Aprili 2025

Kaka Pius,

Leo sikuamkii.

Barua hii haikupita kwa Leonsia. Aliyeibeba simtaji, na wewe usimuulize jina.

Barua yako ya tarehe 5 Bulugu alinisomea mwenyewe, mezani. Pale penye chakula alirudia.

Nakuandikia habari ya ufundi, kwa kuwa nyingine huzisikii. Tangu Februari nimeutazama mshale mwekundu kila siku, kwa sababu uko mkononi mwangu na sina kingine cha kutazama. Ikifika saa sita mchana, mshale mfupi husimama juu kwenye pembetatu, na mwekundu husimama chini kabisa kwenye kumi na mbili yake ndogo. Huwa wamenyooka kama fimbo moja. Hakuna aliyenifundisha. Niliona.

Alhamisi ile mvua ilikuwa imeufunga mji tangu alfajiri, jua halikuonekana. Mzigo nilikuwa nimeshaufunga. Nilitazama saa, mshale mfupi ulisema saa tano. Mwekundu ulikuwa tayari umesimama chini kabisa, kwenye kumi na mbili. Fimbo ilikuwa imevunjika. Nilijua kuna kitu. Nilisimama pale jikoni, mzigo mkononi, naitazama saa, na mbele yangu ukutani ilikuwapo barua yako. Mshale mwekundu hauna kazi. Nikakumbuka na ile nyingine. Ufanye kama haupo.

Nikauweka mzigo chini. Nikakaa kwenye kigoda nikangoja saa sita.

Kama ningeondoka pale, ningewahi.

Kwa hiyo si kwamba sikuona. Niliona, nikakusikiliza wewe.

Njia panda kuna mama anauza karanga, Melania. Akaniuliza, "Mama, unangoja lipi?" Nikamwambia, la Ngara. Akasema, "La Ngara la kesho?" Nikacheka naye. Nilidhani ni utani. Ningemuuliza saa, lakini ulinikataza nisiulize mtu.

Adventina hakuolewa. Baba yake alisikia habari ya njia panda, akamtuma mjomba aseme posa imerudi. Bulugu anasema ni kosa langu, na zamu yake naivaa mimi.

Sasa sikiliza. Anaurusha mshale wa saa kila anapotaka, na mimi nampa chakula kwa saa yake ya uongo. Nikikosea ananisimamisha ukutani, nasoma. Anafurahi. Hajui kwamba nasoma mwekundu na kwamba najua saa ya kweli kila dakika. Nikipeleka chakula kwa kuchelewa, ninajua nachelewa kiasi gani, na nakubali kitakachofuata. Hicho ndicho kitu changu peke yangu katika nyumba ile.

Amekuuliza swali kuhusu mshale huo. Najua, alitamba nalo mbele ya Mhoja. Anangoja jibu. Ukimwambia kweli ataung'oa, na sitakuwa na kitu.

Mwandikie kwamba mshale mwekundu hauna kazi. Umeliandika bure mara nyingi. Liandike mara moja kwa faida yangu, na upige mhuri.

Siku nitakayotoka hutaijua. Sitashuka Kabanga. Usisimame stendi. Mama usimwambie apike. Mkanda nitaukata mwenyewe.

Usinijibu.

Rozina


Kabanga
6 Mei 2025

Shemeji Bulugu,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kuwa na uhakika. Umeuliza kuhusu mshale mwekundu na ninakujibu kama fundi.

Niliandika kwamba hubaki kwenye saa ya nyumbani. Nilikosea. Hayo ni maneno ya wauzaji. Nimeuliza mafundi wengine wa ng'ambo ya mpaka, nao wameziona saa za aina hii. Mshale wa saa ukisharushwa mara mbili tatu, mwekundu hupoteza njia. Leo unasema hivi, kesho vile. Hausemi saa ya nyumbani wala ya mtu yeyote. Ni udhaifu wa mashine, na ninashangaa kampuni kubwa namna ile kuuacha.

Usiusogeze na usiung'oe. Umeshikwa na gurudumu lilelile linaloshika mshale wa sekunde. Ukiuondoa saa nzima itakufa, na hakuna fundi Kagera atakayeifufua, mimi nikiwa wa kwanza.

Kuhusu dada yangu kuusoma, ondoa wasiwasi. Yule hakuwa mwepesi wa hesabu tangu utotoni. Nilimfundisha mshale mfupi tu, na huo nao ulimshinda.

Kwa kasoro hii nafuta hukumu yangu ya Januari. Kwa ubunifu, saa yako sasa ina alama nne kwa kumi. Hukumu mpya ni hii unayoisoma. Ibandike juu ya ile ya zamani, jikoni, mahali panapoonekana.

Mshale mwekundu hauna kazi.

Pius Nshoma
Fundi na mkaguzi wa saa
(mhuri)